Somo la Ukoo: Kuandika Majina ya Mahali kwa Njia Moja

Nyumba nyingi za Kisiwa cha Mombasa zina mtu mmoja anayejua ukoo. Akiulizwa fulani ni nani kwetu, hujibu papo hapo: ni mtoto wa binamu yake nyanya, aliolewa Kuze, kisha akahamia Likoni. Siku hizi vijana wengi wameanza kuyaingiza maneno hayo kwenye kompyuta na simu, kwa programu za kutunza shajara ya familia. Ni kazi njema. Lakini wakifika kwenye kisanduku cha mahali, wengi huandika lolote linalowajia, na hapo ndipo shajara huanza kuharibika.

Tuchukue mfano. Nyanya mmoja alizaliwa Mkanyageni, Mji wa Kale, mwaka 1938. Mjukuu wa kwanza ameandika "Mvita". Wa pili ameandika "Mombasa". Wa tatu ameandika "Old Town, MSA". Wa nne, anayeishi Uingereza, ameandika "Kaunti ya Mombasa, Koloni ya Kenya". Wote wanamsema nyanya yule yule, na hakuna aliyekusudia kukosea. Lakini kompyuta haijui kwamba Mvita ni Mombasa. Inaona mahali pane tofauti, na pengine nyanya wanne. Na ukiiuliza ni nani waliozaliwa Mkanyageni, haitamtaja hata kidogo.

Kwa nini jambo hili si dogo

Kwanza, mirathi. Mtu akifariki na warithi wake ni watoto wa ndugu waliotawanyika, familia hulazimika kutafuta vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, pamoja na hati za nyumba. Shajara yenyewe haichukui nafasi ya vyeti hivyo mbele ya kadhi au hakimu. Kazi yake ni kukuonyesha cheti gani kitafutwe, cha mwaka gani, na wapi. Jina la mahali likiwa na kosa, utakwenda ofisi isiyohusika. Na tawi la ukoo likipotea kwenye shajara, mwenye haki huenda akasahauliwa.

Pili, kuchanganya watu. Pwani majina hurudi: mjukuu hupewa jina la babu, na binamu watatu wakawa na jina moja. Mara nyingi kinachowatenganisha ni mwaka na mahali. Mahali pakiandikwa ovyo, programu itapendekeza watu wawili waunganishwe kuwa mmoja, na mtu mwenye haraka atabonyeza "ndiyo".

Ukimaliza somo hili utaweza kuandika jina la mahali kwa mpangilio mmoja, kutunza jina la zamani bila kulipoteza la sasa, na kusafisha orodha uliyo nayo.

Hatua ya 1: Anza padogo, malizia pakubwa

Programu nyingi za ukoo hubadilishana habari kwa mtindo wa faili uitwao GEDCOM, uliotungwa miaka ya 1980. Mtindo huo huandika mahali kwa vipande vinavyotengwa na koma, kutoka padogo kwenda pakubwa. Kwa Mombasa, vipande vitano vinatosha: mtaa, sehemu, mji, kaunti, nchi. Kwa hivyo nyanya yetu ataandikwa hivi:

Mkanyageni, Mji wa Kale, Mombasa, Kaunti ya Mombasa, Kenya

Usishangae kuona Mombasa mara mbili. Ya kwanza ni mji, ya pili ni kaunti. Aliyezaliwa Likoni au Jomvu naye yumo ndani ya kaunti hii, ingawa hakuzaliwa kisiwani.

Kama mtaa haujulikani, usiubuni. Andika "Mji wa Kale, Mombasa, Kaunti ya Mombasa, Kenya", na ukijua ni Mombasa tu, ishia hapo. Kuandika machache yaliyo kweli ni bora kuliko kujaza nafasi kwa kukisia.

Usiweke ndani ya jina hili maelezo kama "nyumba ya pili nyuma ya Msikiti wa Mandhry". Maelezo hayo yana thamani kubwa, lakini pahali pake ni kwenye maelezo ya tukio. Ukiyatia kwenye jina la mahali, kila mtu atakuwa na mahali pake peke yake na orodha haitakusaidia.

Hatua ya 2: Chagua tahajia moja

Keti na jamaa zako mkubaliane tahajia ya kila jina, kisha muiandike kwenye daftari moja. Mji wa Kale au Old Town? Chagueni moja. Mombasa, Msa au Mvita? Chagueni moja. Vifupisho kama "Msa" viepukwe kabisa, kwa sababu mjukuu aliyezaliwa ughaibuni hatavielewa.

Kukubaliana si kulisahihisha jina. Ndia Kuu ni mfano mzuri. Kwa Kimvita njia huitwa ndia, na jina la barabara ile limebaki hivyo. Kijana aliyesoma Kiswahili sanifu akiandika "Njia Kuu", atakuwa amezalisha mahali pengine ndani ya kompyuta na amefuta alama ya lugha ya wazee wake. Jina la mahali huandikwa kama wenyeji wanavyoliita.

Barabara nazo zimebadilika majina. Barabara ya Kilindini ya zamani ndiyo Moi Avenue, na Barabara ya Salim ndiyo Digo Road. Barua ya mwaka 1950 ikitaja Barabara ya Salim na cheti cha mwaka 1985 kikitaja Digo Road, usifungue mahali pawili. Fungua pamoja, kisha uandike majina yote mawili chini yake.

Hatua ya 3: Jina la wakati ule na jina la leo

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mombasa haikuhama, lakini watawala na mipaka vilibadilika. Tunza mfuatano huu karibu nawe:

- 1837 hadi 1895: Mombasa ilikuwa chini ya masultani wa Kibusaidi, ambao makao yao yalikuwa Zanzibar. Kuanzia 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilisimamia pwani hii kwa mkataba na Sultani.
- 1895 hadi 1920: Himaya ya Afrika Mashariki. Katika karatasi za wakati huo utakuta neno Seyidie, lililokuwa jina la mkoa wa pwani.
- 1920 hadi 12 Desemba 1963: Himaya ya Kenya. Bara ilikuwa koloni, lakini ukanda wa maili kumi wa pwani, Mombasa ikiwamo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza.
- 12 Desemba 1963 hadi 2013: Kenya huru, Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Mombasa.
- Tangu 2013: Kaunti ya Mombasa.

Sasa lirudie jibu la mjukuu wa nne: "Kaunti ya Mombasa, Koloni ya Kenya". Amechanganya kaunti ya 2013 na utawala uliokwisha 1963, tena Mji wa Kale haukuwa koloni bali himaya. Mahali pa jina hilo hapajapata kuwapo siku yoyote.

Basi ufanyeje? Zipo njia mbili, na zote ni sawa mradi usizichanganye.

Njia ya kwanza ni kutumia jina la leo kwa kila tukio, la 1890 na la 2020, kisha kunakili maneno ya hati yenyewe kwenye maelezo, herufi kwa herufi. Ni rahisi, na inafaa kwa familia inayoanza.

Njia ya pili ni kuandika jina la wakati wa tukio. Hii huhitaji programu inayoelewa tarehe. Gramps, ambayo hutolewa bure, hukuruhusu kufungua mahali pamoja, ukapa majina kadhaa yenye tarehe na lugha zake, na ukaonyesha pamekuwa ndani ya mkoa gani au kaunti gani kwa miaka ipi. Kwenye tovuti ya FamilySearch, ambayo nayo ni ya bure, unaweza kuacha jina kama lilivyoandikwa kwenye hati, kisha ukalifunga na jina sanifu linalopendekezwa. Lisome vizuri pendekezo hilo kabla ya kulikubali.

Wadi na kaunti ndogo zitumike kwa matukio ya miaka ya karibuni tu. Mji wa Kale na Makadara leo ni wadi moja ndani ya Mvita, lakini mpaka huo haumsaidii aliyezaliwa 1938, na unaweza kubadilishwa tena.

Hatua ya 4: Majina pacha

Majina mengi ya mitaa yetu yako kwingine pia. Majengo iko Mombasa, na iko Nairobi. Makadara vile vile. Bondeni iko hapa, na iko Nakuru. Mzizima ni jina la kale la Dar es Salaam, na Mombasa ina Mzizima yake. Ukiandika "Majengo" peke yake, kompyuta itakuchagulia yoyote. Andika mnyororo mzima.

Kuna pia jina lililohama. Leo Kongowea ni mtaa wa bara wenye soko kubwa. Lakini katika masimulizi ya wazee, Kongowea ni jina la mji wa kale wa kisiwani, mji wa Mwana Mkisi kabla ya Shehe Mvita. Ukikuta Kongowea ndani ya masimulizi ya ukoo, uliza ni ipi inayosemwa kabla ya kuiweka sokoni.

Mvita nayo ni hivyo hivyo. Kwa mzee, Mvita ni mji wa Mombasa. Kwenye ramani ya leo ni kaunti ndogo. Ukiulizwa maana, weka alama kwenye maelezo: "Mvita, kwa maana ya mji".

Hatua ya 5: Taifa si mahali

Hili ni kosa la Mombasa hasa. Waswahili wa Mombasa wamegawika katika mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa: Thelatha Taifa ni Kilindini, Changamwe na Tangana, na yaliyobaki ni Tisa Taifa, yakiwamo Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate na Faza. Majina mengi kati ya hayo ni ya mahali pia. Mzee akisema babu yake alikuwa Mkilifi, huenda anataja taifa lake la hapa Mombasa, na babu huyo hakupata kulala Kilifi hata usiku mmoja. Ukiandika "alizaliwa Kilifi" utamtafuta katika kaunti isiyo yake.

Mshihiri naye ni hivyo. Shihr ni mji wa bandari katika Hadhramaut, lakini Pwani neno Mshihiri limetumika kwa Mhadhrami yeyote, awe wa Mukalla, Tarim au bonde lolote la huko. Taifa, kabila na asili ziandikwe kwenye kisanduku chake, na mahali pa kuzaliwa pasubiri ushahidi.

Hatua ya 6: Walikotoka wengine

Nyumba za Mji wa Kale zina mizizi Lamu, Pate, Barawa, Ngazija, Oman, Hadhramaut, Kachi na Makran. Kanuni ni ile ile: padogo hadi pakubwa, tahajia moja, na nchi mwishoni. Tahajia za Kiarabu hutofautiana sana zikiandikwa kwa herufi za Kirumi, kwa hivyo chagua moja na uiandike ya Kiarabu kando yake ikiwa unaijua. Faza wengine huiita Rasini: funga majina hayo pamoja.

Angalia nchi na miaka. Aliyezaliwa Tanga mwaka 1905 alizaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndugu yake wa 1935 alizaliwa Tanganyika. Jina Tanzania halikuwapo kabla ya 1964. Kama unatumia njia ya jina la leo, wote wawili ni Tanga, Tanzania, na maelezo yatasema mengine.

Hatua ya 7: Hospitali, hati na ramani

Mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipotoka tumboni, si pale familia ilipokaa. Wengi waliozaliwa hospitali ya wazazi ya Lady Grigg kisiwani walikuwa watoto wa Likoni, Kisauni na hata mbali zaidi. Andika Mombasa kwa kuzaliwa, kisha ongeza "makazi" kama tukio jingine.

Kwenye hati za ardhi utaona herufi MN au MS baada ya nambari. Hizo si majina ya mitaa: MN ni bara ya kaskazini ya Mombasa, MS ni bara ya kusini. Ziache kwenye maelezo ya hati.

Programu nyingi huomba latitudo na longitudo. Ngome ya Yesu, kwa mfano, iko takriban -4.063, 39.680. Ile alama ya kutoa mbele ya 4 inamaanisha kusini mwa ikweta. Ukiisahau, babu yako atahamishwa Mombasa na kutupwa kusini mwa Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Na kwa watu walio hai, usiweke nukta juu ya nyumba wanamolala. Mtaa unatosha. Ukitaka kuirusha shajara mtandaoni, ficha habari zao kwanza. Habari za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kusafisha orodha uliyo nayo

1. Hifadhi nakala ya faili lako kabla ya kugusa chochote.
2. Fungua orodha ya mahali, si orodha ya watu. Ipange kwa alfabeti.
3. Kwa kila jina, jiulize: hati au mtu gani alisema hivi? Kama hujui, liache na uliwekee alama ya kuuliza.
4. Unganisha yale tu uliyo na hakika nayo. "Old Town, MSA" na "Mji wa Kale" ni pamoja. "Majengo" bila mji si pamoja na chochote bado.
5. Kabla ya kufuta tahajia ya zamani, inakili kwenye maelezo.
6. Andika kanuni mlizokubaliana, na mpe nakala kila jamaa anayeingiza habari, wa hapa na wa ughaibuni.

Zoezi

Sahihisha maingizo haya manne, kisha ulinganishe na majibu.

a) Freretown, Mombasa, Kenya, 1882
b) Majengo
c) Alizaliwa Kilifi, kwa kuwa ni Mkilifi
d) Rabai, Mombasa, 1850

Majibu: (a) Freretown iko bara, ng'ambo ya kisiwa. Ilianzishwa na wamishonari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mwaka 1882 hapakuwa na nchi iitwayo Kenya. Kwa njia ya jina la leo, andika "Freretown, Nyali, Mombasa, Kaunti ya Mombasa, Kenya", na maelezo yataje hati ilivyosema. (b) Haiwezi kusahihishwa bila kuuliza, iwekee alama. (c) Futa mahali pa kuzaliwa, andika taifa. (d) Rabai, ambako Krapf alifungua kituo cha misheni mwaka 1846, leo iko Kaunti ya Kilifi: "Rabai, Kaunti ya Kilifi, Kenya".

Kazi ya wiki hii

Ingizo la (b) ndilo lililo gumu kuliko yote, na kompyuta haina jibu lake. Jibu liko kwa mtu aliye hai. Kwa hivyo chapisha orodha yako ya mahali, hata kama ni ukurasa mmoja, umpelekee mzee wako baada ya swala ya alasiri au siku ya mapumziko. Usimuulize habari za ukoo mzima. Msomee jina moja moja umuulize: hapa ni wapi, paliitwaje ulipokuwa mdogo, na leo paitwaje? Andika anavyotamka, andika na tarehe uliyomuuliza. Majina mengi ya vichochoro vya Mji wa Kale hayamo kwenye ramani yoyote, na wanaoyajua hawatakuwa nasi daima.